Ukuta Usiopakwa Rangi

Kila Desemba, pale Kabondo, watu hushikwa na wazimu wa rangi. Mwenye nyumba ya matofali anapaka, mwenye nyumba ya udongo anapaka, hata yule ambaye bati lake limeoza anapaka angalau mlango, maana Bonne Année, mwaka mpya, haikaribishwi kwenye nyumba chafu. Mama Kavugho naye hupaka. Mnande wa Butembo, aliyeuza vitunguu na maharagwe sokoni miaka arobaini, utamfundisha nini kuhusu usafi? Anapaka sebule, anapaka vyumba vitatu, anapaka uso wa nyumba unaotazama barabara. Lakini korido, ile njia nyembamba inayotoka chumbani kwake kupita jikoni hadi douche, bafu lenye choo, haigusi. Mwaka wa nane huu. Majirani wanasema bibi amekuwa bahili wa rangi. Waseme, midomo si yao?

Ukweli ni kwamba kwenye ule ukuta kuna mstari. Ni mstari wa hudhurungi, upana wa kiganja, unaoanza mlangoni pa chumba na kwenda moja kwa moja hadi douche. Na ukigeuka kurudi, uko mwenzake kwenye ukuta wa pili. Ni alama ya mkono wa kuume wa marehemu Papa Ambroise, mume wake. Alipooza upande wa kushoto, akaishi hivyo miaka mitano, na miaka yote hiyo alitembea kwa kushika ukuta. Kila asubuhi Mama Kavugho alimpaka mikono mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, yale yenye harufu inayokaa nguoni hata baada ya kufua, naye mzee aliondoka kitandani na kuyagawia ukuta.

Huyo Ambroise walikuja pamoja kutoka Butembo mwaka wa themanini na nne, juu ya lori la vitunguu. Siku kumi na tisa njiani! Lori lilizama kwenye matope karibu na Bafwasende, likakaa humo mpaka vitunguu vikaanza kuchipua kwenye magunia. Wenzao walikuwa wanalia. Ambroise aliangalia yale machipukizi, akamwambia mke wake: "Tushuke, tuvipande hapa hapa, tutavivuna kabla lori halijatoka." Mama Kavugho akisimulia hapo hucheka mpaka anashika mbavu, halafu hunyamaza ghafla, na ukiwa na adabu utaomba chai nyingine.

Nyumba waliijenga kidogo kidogo, chumba kimoja kwa mavuno mawili ya vitunguu. Na ile korido, ambayo Ambroise alijuta kwa nini aliijenga bila dirisha, ndiyo iliyowaokoa zile siku sita za mwezi wa sita mwaka elfu mbili, mji ulipokuwa unapigwa mabomu. Walilala humo watu saba, Ambroise upande wa mlango, mgongo wake umewaziba wote. Osée, kitinda mimba, alikuwa na miaka minane, akasema akiwa mkubwa atafanya kazi mahali ambapo vitu vinapaa bila kuanguka. Leo anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka. Mungu naye ana masikio.

Halafu ikaja ile miaka ya ugonjwa. Ajabu ni kwamba Mama Kavugho anaikumbuka kwa hamu. Alikuwa jikoni, akisikia kiganja kinaburuzwa ukutani, shaa, shaa, anajua mzee amefika wapi. Anapaza sauti: "Pole pole, Papa Osée!" Na kutoka kwenye giza la korido mzee anajibu, kila siku jibu lile lile: "Siko na haraka, mama. Avion yangu bado." Siku ndege yake ilipofika, nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba Mama Kavugho alianza kuwasha redio asubuhi, bila kusikiliza.

Sasa, mwezi wa tisa mwaka huu, Mama Kavugho aliteleza kwenye kizingiti cha douche. Alilala kwenye saruji tangu asubuhi mpaka karibu saa sita, hadi jirani yake Mama Grâce alipokuja kuazima chekeche. Mfupa haukuvunjika, lakini nyonga ilivimba na kuwa nyeusi. Osée alikuja mbio kwa pikipiki, bado amevaa gileti, kizibao chake cha kazi.

"Mama, ulianguka."

"Sikuanguka. Nilikaa chini kupumzika."

"Mu maji?"

"Joto ilikuwa mingi."

Osée akavua kofia, akajikuna kichwa. "Bon. Mama, nisikilize. Ao tunatia vyuma vya kushikilia mu hii nyumba yote, kitandani, mu douche, mu korido, ao unakuya kuishi kwetu Bangboka. Chagua."

"Kule nifanye nini? Nakaa nasikilizaka ma-avion kutwa nzima?"

Hakuchagua, lakini hakumfukuza fundi aliyeletwa na Osée. Fundi huyo ni Évariste, mtu wa mto, wa Yanonge. Ndugu zake wote ni wavuvi. Yeye peke yake aliogopa maji akakimbilia moto, akawa soudeur, mchomelea vyuma. Miaka ishirini anatengeneza antivol, yale madirisha ya chuma ya kuzuia wezi, na milango mikubwa ya barabarani. Alipima, akaandika kwenye kiganja, akaenda. Baada ya siku mbili akarudi na vyuma vinne begani, anang'aa kwa fahari.

Mama Kavugho akavitazama. Kila chuma kilikuwa na ncha ya mkuki huku na mkuki kule, na katikati ua la chuma lenye petali tano.

"Évariste, papa," akasema taratibu, "ni mwizi gani huyo anakuyaka kuoga kwangu?"

Osée aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Évariste maskini akajitetea: "Mama, chuma isipokuwa na mukuki, bado haiyamalizika!" Basi hapo Mama Kavugho akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke, akacheka mpaka nyonga ikamuuma na akaamuru wote wanyamaze. Évariste alirudi na mikuki yake. Kesho yake akaleta mabomba ya mviringo, yamepigwa msasa mpaka laini. Akafunga moja kando ya kitanda, moja karibu na pipa la maji, mawili pembeni mwa choo. Kwenye kila chuma alining'inia kwa uzito wake wote, miguu juu, macho ameyafumba. Hakuna kilichotikisika. Mama Kavugho akakubali kwa kichwa. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Halafu Évariste akaingia koridoni na patasi na nyundo.

"Hapa hapana," akasema Mama Kavugho. Alisimama, mgongo ukutani, mikono ameitandaza. "Hapa hautoboe."

"Mama," akasema Osée, "kutoka kitanda mpaka douche iko metre tisa. Vyuma viko mwanzo na mwisho. Katikati utashika nini? Upepo?"

"Sishikaka kitu, miye. Baba yako njo alikuwa anashika ukuta. Miye niko na miguu yangu."

"Miguu ile iliyokulalisha mu maji?"

Neno lile lilikuwa kali, na Osée mwenyewe alijua. Lakini alikuwa ameogopa, na mtu mwenye hofu hupayuka. Akasema sawa, Jumamosi anakuja na gari, sanduku liwe tayari. Akatoka bila kunywa chai. Ilikuwa Jumanne.

Mama Kavugho akakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani. Alijua hesabu ilivyokaa. Patasi ikiingia, ile plasta ya zamani itabanduka, na Ambroise ataanguka chini vipande vipande, afagiwe. Patasi isipoingia, yeye ataondoka, nyumba itapangishwa, na mpangaji atapaka ukuta ule rangi nyeupe kwa nusu saa, huku anapiga mluzi. Njia zote mbili zilikuwa zinamnyang'anya. Alimchukia mwanawe kidogo, halafu akajichukia kwa kumchukia.

Évariste alikuwa bado anakusanya vyombo vyake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na macho.

"Mama, unaweza kunionyesha ile unachunga?"

Akamwonyesha. Korido ile bila dirisha ni giza hata mchana, kwa hiyo Évariste akawasha taa ya simu. Akaufuata mstari wa mzee polepole, kidole mbali na ukuta, akaona pale ulipokolea, karibu na mlango wa jikoni, mahali mzee aliposimama kupumua. Mama Kavugho alimweleza: huku kwenda, kule kurudi. Taa ikashuka. Ikasimama.

"Na huu, mama?"

"Huu gani?"

"Huu wa chini."

Shubiri mbili chini ya mstari wa Ambroise ulikuwapo mwingine. Mwembamba zaidi, hafifu zaidi, lakini haukukatika: tangu mlango wa chumba hadi douche.

"Ni ya watoto," akasema Mama Kavugho.

"Watoto wako na ndevu, mama. Mafuta ya hapa iko ya juzi."

"Basi ni Mama Grâce. Ye njo anapitaka pitaka."

Évariste alikaa kwenye sanduku lake la vyombo karibu na mlango wa chumba, akafuta jasho. "Mama, nisaidie maji ya kunywa."

Ombi la maji halikataliwi nyumbani kwa Mama Kavugho. Akageuka, akashika njia ya kwenda jikoni. Alikuwa amefika katikati aliposikia: shaa, shaa.

Alisimama, akageuza kichwa kuangalia nani anapita. Sauti nayo ikasimama. Hapakuwa na mtu. Ulikuwepo mkono wake mwenyewe, wa kuume, wenye mafuta yale yale ya kokwa anayojipaka kila asubuhi, umelala ukutani, kwenye ule mstari wa chini, umetulia pale kwa mazoea ya miaka. Miaka minane amekuwa akiwasha redio na hakuusikia.

"Yesu wangu," akasema.

Akainua macho kuangalia mstari wa juu, akateremsha kuangalia wa chini. Ambroise alikuwa mrefu, yeye ni mfupi. Hata barabarani alikuwa anamfikia begani tu, na watu wa soko waliwatania kwa hilo mpaka walipozeeka.

"Kumbe nilikuwa natembea naye," akasema, na hapo akalia, kwa sauti, kama hakulia hata siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na wageni wa kulisha. Évariste aliangalia viatu vyake. Maji hakuyaulizia tena.

Baadaye Mama Kavugho akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Évariste."

"Mama."

"Tia chuma pa mustari wangu. Ya yake, usiiguse hata na pumzi."

Kazi ile Évariste aliifanya Jumatano, tangu asubuhi mpaka jioni. Kwanza alitundika vitenge viwili vya Mama Kavugho kufunika mstari wa juu, vumbi lisiufikie. Kisha akatoboa matundu madogo, matano kila ukuta, akigonga kwa nyundo ndogo. Kila plasta ilipotaka kubanduka aliizuia kwa kiganja na kusema nayo kilokele, lugha ya kwao, chini chini. Saruji aliitia kwa kijiko cha chai. Akaamuru kisiguswe chuma mpaka Jumamosi, na siku hizo Mama Kavugho alivuka korido akisukuma kiti mbele yake, akimtukana Évariste kila hatua, kwa upendo.

Jumamosi Osée alikuja na gari la kuazima. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa, kwa sababu mama yake ni mtu wa kutii neno hata linalomchoma. Osée akaliona, uso ukamshuka. Akaanza kuomba radhi kwa lile neno la miguu, lakini mama yake alimkatiza.

"Kuya uone."

Akatangulia. Aliweka mkono kwenye chuma, akaenda, mgongo umenyooka, hajikokoti. Osée akamfuata nyuma. Kwanza alikitikisa chuma kwa nguvu, akitafuta kasoro, hakuipata. Kisha akaona mstari wa baba yake juu ya chuma, mzima, haujakwaruzwa. Osée amerithi urefu wa Ambroise. Hakufikiri, mkono wake uliinuka wenyewe, ukalala pale, wakaendelea kutembea.

Shaa, shaa.

Mama Kavugho, mbele, hakugeuka. Alikuwa amefika mlango wa jikoni. Neno likamtoka mdomoni kabla hajalizuia:

"Pole pole, Papa Osée!"

Alifumba macho kwa aibu, akajua ametaja jina la marehemu mbele ya mtoto wake, sasa watamwona amechanganyikiwa, sasa atapelekwa kweli. Nyuma yake, kwenye giza, Osée hakuuondoa mkono kwenye mstari.

"Siko na haraka, mama," akasema. "Avion yangu bado."

Mama Kavugho akacheka na kulia vyote kwa pamoja, mkono haujaachia chuma. Walipofika mwisho waligeuka, wakarudi tena mpaka chumbani, huyu chini, huyu juu. Kisha Osée akaenda mlangoni, akachukua lile sanduku, akalirudisha chini ya kitanda.