Karibu ya Tatu

Bi Aghdas hakuwahi kupenda mazoezi, na hilo lijulikane mapema, maana majirani walipomwona alfajiri na viatu vyake vyeupe vya raba walidhani ni mwanamke wa kujituma. Wapi! Daktari alipomwambia sukari imepanda, ni mumewe, mzee Nosrat, aliyemvuta kitandani. "Amka, mama, miguu inaota kutu." Basi wanashuka wawili hadi kando ya mto, mzee mbele na mikono mgongoni, yeye nyuma akilalamika: baridi, magoti, bei ya nyama, mkwe wao. Wakifika daraja la Khaju wanageuka, wanarudi, na malalamiko yanaanza upya. Aliyafurahia matembezi yale kupita kiasi, ila hakujua kwamba anafurahi.

Nosrat akafariki msimu wa vuli. Baada ya matanga Bi Aghdas alivaa tena viatu vyake akaendelea kutembea. Njia ile ile, mwendo ule ule, hadi daraja lile lile. Ila sasa hapakuwa na mgongo wa mtu mbele yake wa kuulalamikia. Mto wenyewe mwaka ule ulikuwa mkavu, na mashua za kukanyaga kwa miguu, zile wanazokodi maharusi, zilikuwa zimelala kwenye mchanga zikiangalia juu. Hata macho hayakuwa na pa kupumzikia.

Kidogo kidogo akaanza kujipunguzia safari. Mara anageukia kwenye kibanda cha magazeti, mara kwenye benchi la kwanza, na asubuhi moja aligeukia mlangoni pake, akavua viatu, akarudi chini ya blanketi. Siku hiyo hakuzungumza na kiumbe hadi binti yake Shohreh alipopiga simu kutoka Tehran.

"Mama, leo umetembea?"

"Nimetembea."

"Kweli?"

"Sasa nikudanganye nipate nini?"

Alipokata simu aliingiwa na hofu. Alijijua vizuri. Mkate aliletewa na jirani, dawa aliletewa na jirani huyo huyo, na wageni wa rambirambi walikwisha kuacha kuja. Kutembea ndiko kulikokuwa kumebaki. Akiacha na hilo, atakuwa amejifungia ndani mpaka siku ya kutolewa amebebwa.

Kesho yake akamwambia Shohreh ukweli. Shohreh ana ushauri wa kila kitu.

"Umekinai, mama. Ukila wali ule ule kila siku si lazima uukinai?"

"Nimekula wali maisha yangu yote na sijaukinai hata siku moja."

"Aa, mama nawe! Nakuwekea kitu kwenye simu."

Hicho kitu kilikuwa sauti ya msichana iliyosema "Hongera! Unafanya vizuri sana!" kila alipotembea kitambo. Siku za mwanzo Bi Aghdas alimjibu kwa sauti, "Ahsante, mwanangu," na wapita njia wakamtazama mara mbili. Halafu jioni moja, kwa uchokozi tu, akaitikisa simu akiwa ameketi kitandani. Msichana akampongeza vilevile. Bi Aghdas akamwona hana maana, akamzima. Hongera ya mtu asiyekuona ni ya nini?

Jambo lililomwokoa lilikuwa jingine kabisa, na ndilo lililomtesa pia.

Kwenye bustani iliyo kabla ya daraja palikuwa na kundi la wanawake waliofanya mazoezi kila alfajiri. Aliyewaongoza ni Bi Pouran, mwalimu mstaafu wa michezo, mwenye filimbi shingoni na sauti ya kuamsha wafu. Wakimaliza walitandika busati, wakatoa mkate wa moto, jibini na mnanaa, na chupa za chai zikaanza kuzunguka. Nosrat alipokuwa hai, yeye na mumewe waliwapita tu. Lakini asubuhi moja ya baridi kali, Bi Pouran alimwona yuko peke yake akampungia mkono.

"Bi mkubwa! Unazungukazunguka kama mlinzi wa zamu! Njoo huku tujipashe moto!"

"Ahsante sana, nisiwasumbue," akasema Bi Aghdas.

Kwetu mtu hakubali karibu ya kwanza. Anayeikubali ni mtoto, au mgeni asiyefundwa. Unakataa, unabembelezwa. Unakataa tena, unabembelezwa tena. Ya tatu ndipo unajifanya umeshindwa nguvu, unaingia. Mtu akikukaribisha mara moja akanyamaza, umeshajua kwamba alitimiza adabu tu. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyokufa na njaa kwenye nyumba za watu.

"Usumbufu gani? Njoo, bwana!" akaita Bi Pouran.

"Msijali, mimi nimeshazoea hivi hivi." Hapo Bi Aghdas alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye majani, anaingoja ya tatu.

Mama mmoja mnene, Effat jina lake, akamvuta Bi Pouran mkono. Alidhani ananong'ona. "Mwache, shoga. Huoni amevaa nyeusi? Amefiwa huyo, anataka kuwa peke yake."

Bi Pouran akashusha mkono wake. "Tusamehe, Bi mkubwa. Mungu amrehemu marehemu wako."

Na Bi Aghdas, mguu ukiwa bado kwenye majani, akainama akajifanya anatengeneza kiatu. Angesema nini? Aseme kwamba hataki kuwa peke yake? Mambo ya namna hiyo hayatamkwi na mwanamke wa heshima mbele ya watu asiowajua. Akainuka, akaenda zake, na alipofika nyumbani akalia kuliko alivyolia matangani.

Tangu siku hiyo hakukosa kutembea. Alikwenda kwa ajili ya kuwaona. Alichokiona alikifanya nyumbani, mbele ya samawari, na makopo mawili ya nyanya mikononi. Tatizo ni kwamba mpita njia huona kidogo tu. Mazoezi yake yakawa na kichwa bila mkia: anainua makopo juu, anayazungusha, anainama upande, halafu basi, anabaki amesimama katikati ya chumba hajui kinachofuata. Akaanza kupunguza mwendo. Akaanza kusimama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Wao humwambia "Salaam, Bi mkubwa," naye hujibu "Poleni na mazoezi," kisha hukaza macho mbele kama mtu mwenye haraka.

Mwaka mpya ulipoingia pamoja na machipuko, Shohreh alikuja akamletea mtandio wa buluu, akamvua nyeusi kwa mikono yake, akarudi Tehran. Bi Aghdas alisimama mbele ya kioo akajifundisha neno. "Ndiyo, nakuja." Si "ahsante, nakuja", maana akianza na ahsante ulimi utamalizia kwa kukataa wenyewe. "Ndiyo, nakuja." Hata karibu ya kwanza angeikubali. Acha waseme hakufundwa.

Alfajiri akashuka na mtandio wake wa buluu.

"Salaam, Bi mkubwa! Umependeza," akasema Bi Pouran, akaendelea kuhesabu.

Hapakuwa na karibu. Bi Aghdas akafika darajani, akarudi, akapita tena polepole. Hapakuwa. Walikuwa wameshajizoeza kumheshimu, na heshima yao ilikuwa ukuta. Akasimama njiani na lile neno lake mdomoni, akajiambia kwamba akirudi nyumbani leo hatatoka tena kesho. Basi akakanyaga majani. Akaenda kujipanga mstari wa mwisho, nyuma ya mgongo mpana wa Effat, akainua mikono.

Hakuna aliyegeuka. Bi Pouran alimwona, filimbi ikakwama kidogo mdomoni, kisha akaipuliza. Hapo Bi Aghdas akaujua mkia wa mazoezi: wanapiga makofi, wanakunja goti, na mwishoni kabisa wanacheka. Wanacheka kwa amri. "Cheka!" anaita Bi Pouran, na wanawake wazima wanacheka mpaka ndege wanaruka mitini. Bi Aghdas akafungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa kicheko, kilikuwa kikohozi, naye akakifunika kwa ncha ya mtandio.

Busati likatandikwa. Bi Pouran akageuka na kikombe mkononi.

"Bi mkubwa, karibu chai."

"Ahsante, nimeshakunywa," ukasema ulimi.

Hakuwa amekunywa. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana jioni.

"Haya, Bi mkubwa. Siku njema," akasema Bi Pouran kwa upole ule ule.

Bi Aghdas akarudi njiani. Akapiga hatua chache kuelekea nyumbani, akasimama, akageuka. Alirudi kwa hasira, na hasira yenyewe alikuwa nayo juu yake mwenyewe.

"Nimesema uongo," akawaambia. "Sijanywa chai. Tangu nifiwe sijanywa chai na mtu. Baridi ile mlinikaribisha mara mbili, nikawa naingoja ya tatu."

Mkate ukabaki mikononi mwao.

"Yaani siku zote hizo ulikuwa unangoja?" akauliza Effat.

"Siku zote."

Bi Pouran akaweka kikombe chini. Hakusema karibu. Alimshika kifundo cha mkono, akamvuta hadi magoti yakamkunjika, akamketisha katikati yake na Effat, na viatu vikiwa bado miguuni.