Marahaba Iliyokwama Kwenye Mashine

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole, na upole wake ulinikera. Alinichorea jicho kwenye karatasi akasema, "Mama, leza hairudishi ulichokwisha kupoteza. Inalinda kilichobaki." Nikamuuliza, sasa hapo unanitibu nini? Akatabasamu tu. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa nyuma ya macho yangu yote mawili, damu inavuja kidogo kidogo, na mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Sakina, nashona sare za kwaya. Bila macho mimi ni bibi wa kutolewa nje asubuhi na kuingizwa ndani jioni, kama mahindi yaliyoanikwa.

Hakunificha kitu, hilo nampa. Matone ya kutanua mboni yatawasha. Nitaona ukungu hadi jioni, kwa hiyo nisije bila mtu wa kunirudisha. Nitakwenda zaidi ya mara moja. Huenda gizani nikaona kwa shida kuanzia hapo. "Lakini kubwa kuliko yote," alisema, "ukishaweka kidevu, usisogee. Katikati ya jicho ndiko unakotungia uzi. Nikipachoma pale kwa bahati mbaya, sina dawa."

Mara ya kwanza, jicho la kushoto, nilinusurika. Chumba kilikuwa giza. Kidevu juu ya kikalio chake, paji la uso limebanwa kwa mkanda, na kijioo kimebandikwa juu ya jicho ili nisiweze hata kupepesa. Mwanga wa kijani wa leza ukaanza kupiga. Pigo moja hulisikii, linalofuata linachoma kama sindano ikipita kidoleni. Katikati ya hapo akaingia nesi mwanafunzi akasema, "Shikamoo, mama." Mimi ni mtoto wa Kimeru, nimefundishwa kwa fimbo kwamba salamu ya mtu haiachwi ikining'inia. Nikaitikia marahaba, na kichwa kikaenda pamoja na neno.

Daktari aliondoa mguu kwenye kikanyagio cha kurushia mwanga. Akasema, "Mama, marahaba hiyo ingekula jicho. Siku nyingine hata akiingia askofu, usiitikie."

Sasa lazima niseme habari za mwanangu, ingawa sipendi. Miaka miwili kabla ya hapo aling'oa mibuni ya marehemu baba yake kule mlimani akapanda maparachichi, bila kuniuliza. Jumapili iliyofuata akanifuata nje ya kanisa, mbele ya watu, akaniinamia. "Shikamoo, mama." Nikamtazama, nikanyamaza. Kwetu mzazi akikunyima marahaba amekufungia mlango. Alisubiri, watu wakageuza macho pembeni, akaondoka. Nilijua nimekosea kabla sijavuka barabara. Lakini mimi nina kichwa kigumu, na wanasema mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Sisi Walutheri hata hiyo Idi hatuna. Hakunisalimia tena, wala sikumtafuta.

Mara ya pili ilikuwa jicho la kulia, lile zima zaidi, ndilo ninalolitegemea kutunga uzi. Binti yangu alikuwa anisindikize, akapiga simu kwamba amebanwa kazini. "Nitamtuma mtu," akasema. Sikuuliza nani. Nikaingia chumbani, nikafungwa mkanda, kijioo kikabandikwa, mikono nikashika vishikio viwili kama nilivyoelekezwa.

Tulikuwa tumefika katikati mlango ulipofunguliwa. Nikasikia viatu vikisita.

"Shikamoo, mama."

Niliijua sauti hiyo kabla haijamaliza. Ni ya mwanangu, sauti ya baba yake tupu. Daktari akasema taratibu, "Usisogee, mama," na mguu wake haukuondoka kwenye kikanyagio. Mwanga wa kijani uliendelea kupiga. Marahaba ilifika kwenye meno, ikakwama hapo. Nilifikiria kuinua kidole, nikaogopa bega litafuata. Nilifikiria kuguna, nikakumbuka kidevu. Sitasema uongo: nilikuwa na nafasi ya kuchagua, nikachagua jicho. Alisimama pale nyuma yangu, akisubiri kama alivyosubiri nje ya kanisa, na mimi nilikuwa nimempa mgongo. Machozi yakaanza. "Usilie, mama, kijioo kitateleza," daktari akasema. Kumbe hata kulia sikuruhusiwa. Kisha mlango ukafungwa, polepole, kwa adabu.

Mapigo yalikuwa bado mengi. Niliyapokea yote.

Waliponifungua sikuona kitu, giza tupu, kisha rangi ya zambarau, kisha ukungu. Nesi akanishika mkono hadi kwenye benchi la nje. Jua lilinipiga usoni, nikauliza kwa sauti, yuko wapi kijana aliyeingia humo ndani? Mwanamke niliyekaa karibu naye akasema, "Ameondoka, mama. Amesema hataki kukusumbua."

Nikatoa simu. Nilikuwa nakiona kioo chake kama maziwa. Nikampa yule mwanamke, nikamwambia anitafutie jina la mwanangu na apige. Iliita sana. Ilipopokelewa sikumwacha aseme neno.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nilisikia pikipiki zikipita upande wake.

"Mama, nimekuta umenipa mgongo."

"Nilikuwa nimefungwa."

"Umefungwa?"

"Kichwa. Kwenye mashine. Ningeitikia ningepofuka." Nikashusha sauti. "Ile ya kanisani sikuwa nimefungwa. Ile nilikukosea."

Nikasikia akivuta pumzi kwa pua, kama alivyokuwa akifanya utotoni asionekane analia.

"Uko wapi sasa?"

"Hapa nje, kwenye benchi. Sioni hata miguu yangu."

"Kaa hapo hapo, mama. Usisogee."

Neno hilo lilikuwa limenichosha tangu asubuhi. Nikakumbatia mkoba wangu kwa mikono miwili, nikatulia.