Mahindi Kando ya Kiwanja cha Ndege

Niliachia shule darasa la tano, na leo ukiuliza Kitale nzima ni nani ana malori ya kubeba mahindi mpaka Bungoma na Lwakhakha, utaonyeshwa mimi. Sikusaidiwa na mtu. Isipokuwa mmoja, ndugu yangu mkubwa Barasa, na huyo ndiye ninayeandika habari zake.

Kabla ya vita vya mlimani, kiwanja cha ndege nje ya mji kilikuwa kama chetu. Wazungu wa mashamba walikitengeneza zamani kwa vindege vyao, wakaenda, lami ikabaki. Hakuna mahali mahindi yanakauka kama kwa lami. Asubuhi moja tulikuwa tumetandaza turubai, mimi na Barasa, tunageuza mahindi kwa miguu, yeye ananicheka.

"Wewe bana utakuwa tajiri, lakini mvua huijui. Mpaka nikuambie."

Ni kweli. Alikuwa ananusa mvua kabla ya wingu. Akisema funika, tunafunika, hata jua likiwaka.

Siku hiyo ndiyo helikopta ya kwanza ilitua. Upepo wake ukabeba turubai, mahindi yakamwagika nyasini, nasi tukakimbia kuyaokoa. Haikuchukua muda, kiwanja kikazungushwa seng'enge, kikawa kambi ya ndege za jeshi. Huko mlimani vijana wenye bunduki walikuwa wanachoma nyumba na kuua watu. Helikopta zilipanda na askari, chakula na risasi. Zikarudi na majeruhi, halafu na watu waliokamatwa. Mimi nilianika nje ya seng'enge na kuwauzia askari chai. Usinicheke. Lori langu la kwanza lilitoka kwa hiyo birika.

Barasa alirudi kwake Cheptais, huko huko mlimani, kuvuna. Nilimwambia asiende.

"Ati niache mahindi ya watoto shambani? Wewe ungeacha?"

Akaenda.

Kilichompata nilielezwa na shemeji, mke wake. Kule mlimani kila mtu alishajua: helikopta ikisikika, unaingia ndani, unalala chini. Barasa alikuwa amezoea kiwanja. Aliposikia ile sauti, alitoka nje mbio kushikilia turubai lake.

Mwanamume peke yake, anakimbia.

Askari wakashuka, wakamkamata.

Alasiri hiyo nilikuwa kwenye seng'enge na birika. Helikopta ikatua. Wanaume wakashuka, mikono kichwani. Wa mwisho alikuwa Barasa.

Nikamwita.

"Mtu wa chai, rudi nyuma," askari akasema.

"Huyo ni ndugu yangu, afande. Ni mkulima."

"Wote ni wakulima."

Barasa akageuka. Nilidhani ataniambia habari ya watoto. Akaangalia juu ya kichwa changu, upande wa vilima vya Cherangany, halafu akaangalia mahindi yangu.

"We tajiri! Funika mahindi!"

Jua lilikuwa linawaka. Nikafunika, kwa sababu ni yeye amesema.

Walipakiwa kwenye lori. Mvua ilianza lori likitoka getini.

Hatujamwona tena. Nilizunguka kambi, korti na mochari, mpaka Bungoma. Siku hizi wakubwa wananipigia simu wenyewe, lakini kwa jambo hilo moja hakuna aliyewahi kunijibu. Watoto wake nimewasomesha wote, na mmoja sasa ni daktari wa mifugo. Shemeji hajakubali tufanye matanga, nami simlazimishi. Bado anamwekea kiti chake.

Jeshi liliondoka, seng'enge ikaibwa kipande kwa kipande, mahindi yakarudi kwa lami. Mimi nina mashine ya kukausha, kubwa kuliko zote hapa. Lakini kila msimu lazima nianike turubai moja kando ya kiwanja, pale pale. Mawingu yakikusanyika Cherangany, vibarua wanaanza kuhangaika.

"Mzee, si tufunike? Itanyesha!"

"Ngojeni kwanza, hatujaambiwa," nawajibu.

Nasikiliza upande wa kiwanja, mpaka matone ya kwanza yanaanguka kwa mahindi.