Swali la Pili

Makanya siku hizi, ukiuliza fulani yuko wapi, unajibiwa "Amepanda," na mazungumzo yanaishia hapo. Maana yake amerudi kwao milimani. Mtu akifiwa hupanda. Akichoka na joto la tambarare hupanda. Akianza kukohoa mpaka sururu inamshinda, hupanda pia, na jibu ni lilelile. Aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali la pili, "Amepanda akiwa na hali gani?", hayupo tena. Benchi lake nje ya zahanati wanakalia akina mama wanaosubiri chanjo.

Jenoveva alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka tisa. Ulipokuja mradi wa kuchunguza vumbi la machimbo ya jasi na mapafu ya watu, alichaguliwa kuwa mmoja wa wakusanya takwimu. Wakapelekwa Same mjini, siku tatu za mafunzo. Alifundishwa kuchagua nyumba kwa orodha, moja katika kila tano, asikimbilie wale wanaomchekea. Alifundishwa kuuliza bila kutikisa kichwa, asimtilie mtu maneno mdomoni. Alirudi na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu shule ya msingi. Kumbe kuuliza kuna sheria zake, na mnyonge anaweza kuziegemea. Ndiyo maana baadaye hasira yake ilikuwa kubwa kiasi kile. Alikuwa ameamini.

"Mkikuta kufuli," alisema Rodrick, kijana msomi aliyekuwa msimamizi wao, "andikeni 'hayupo', halafu nendeni nyumba inayofuata."

Siku ya pili ya kazi, nyuma ya stesheni, hesabu ya tano ikamfikisha kwenye mlango wa bluu wenye kufuli. Alilijua lile kufuli. Kilikuwa chumba cha Wilbard, mdogo wake wa tumbo moja, aliyechimba jasi miaka kumi na moja na kupanda Mamba, kijijini kwao milimani, mwezi Machi akiwa hawezi kulala chali. Jenoveva alisimama pale na kishikwambi mkononi. Kisha akaandika: hayupo.

Mlango uliofuata ulifunguliwa na Amiri, mchimbaji mgeni kutoka Tabora.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unakohoa?"

"Mimi? Mama, nikipiga chafya kuku wa jirani wanahama!" Alijipiga kifua, kikalia kama ngoma mpya.

"Una muda gani kazini?"

"Hii wiki ya tatu. Mbona unanitazama hivyo? Una binti wa kunipa?"

Ilimbidi acheke. Akajaza: hakohoi. Hivyo ndivyo Amiri alivyokaa mahali pa Wilbard, kwa kanuni, bila mtu yeyote kudanganya.

Wiki ile alikuta makufuli kumi na tisa. Kwa majirani aliuliza swali la kwanza, akajibiwa: amepanda, ameenda kwao Singida. Akauliza la pili, majibu yakabadilika: Alikuwa anatembea akisimama kila nguzo. Sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa anakohoa hadi watoto wetu wanaamka.

Jumamosi alipanda Mamba. Wilbard alikuwa amekaa mbele ya nyumba, kando ya lundo la tangawizi lililokuwa likioshwa na wengine.

"Dada umechelewa," alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Wenzako wameshanihoji."

"Wenzangu gani?"

"Wa vishikwambi. Binti mpole sana. Kauliza kama nakohoa, nikamkoholea palepale. Bila hata kiingilio."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja hadi magotini. Jenoveva alimshika mabega mpaka kikatulia.

"Na kazi? Ulimwambia kazi gani?"

"Kaniuliza ninafanya kazi gani sasa. Nimjibu nini? Mkulima wa tangawizi. Ingawa siku hizi tangawizi ndiyo inanipalilia mimi."

Jenoveva alikaa chini kwenye udongo uliolowa. Mamba kilikuwa kijiji cha kulinganishia. Waliambiwa hivyo Same: huku juu hakuna vumbi, hewa ni safi, kikohozi kikizidi Makanya, basi vumbi lina kesi ya kujibu. Sasa mapafu yaliyojaa jasi ya Makanya yalikuwa yamehesabiwa upande wa Mamba. Wazima wamebaki bondeni, wagonjwa wamepanda, na dodoso halikuwa na swali la mtu alikotoka.

Jumatatu alimfuata Rodrick.

"Ongeza swali moja tu. Zamani ulifanya kazi gani."

"Mama, dodoso limeshapitishwa na kamati. Nikigusa neno moja tunaanza upya."

"Basi tuanze upya."

"Unajua ripoti inatakiwa lini?"

"Sijui. Najua siku ambayo Wilbard alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu."

Rodrick alijikuna shingo. "Kufuli ni kufuli, mama. Kanuni nimewafundisha mimi mwenyewe."

"Ulitufundisha pia tusichague wanaotufurahisha. Haya niambie, safari hii nani kachaguliwa?"

Rodrick akageukia karatasi zake. Kishikwambi nacho hakina pambizo la kuandikia neno la ziada. Jenoveva akanunua daftari la shule. Mchana alijaza alichoagizwa. Jioni alirudi kwenye milango yenye makufuli, na kila alipopata nafasi alipanda milimani kuwatafuta wenye milango hiyo.

Oktoba waliitwa ofisi ya kijiji kusikiliza mrejesho. Mtafiti mkuu, mama mwenye sauti laini, alisoma: Makanya watu tisa katika mia wana kikohozi sugu, Mamba kumi na wanne. Kwa hiyo vumbi la jasi halikuonekana kuleta madhara. Tatizo pengine ni moshi wa kuni kwenye majiko, kwa sababu ya baridi ya huko juu. Wasimamizi wa machimbo walipiga makofi. Wanawake wa Mamba wakapewa ushauri wa kufungua madirisha.

Jenoveva alisimama bila kuitwa. Akafungua daftari, akasoma majina ishirini na matatu: jina, miaka ya kuchimba, mwezi wa kupanda.

"Wilbard, miaka kumi na moja. Alipanda Machi. Amekufa Agosti."

"Pole sana, mama," alisema mtafiti mkuu. "Lakini hayo ni masimulizi. Hayamo kwenye sampuli."

"Yamo. Mmeyaweka upande usio wake. Kwenye karatasi yako hiyo mdogo wangu ni mgonjwa wa moshi wa jiko. Jiko hakuwa nalo! Alikuwa analetewa chakula na jirani."

Hakuna aliyepiga makofi. Rodrick alikuwa akitazama viatu vyake. Mwenyekiti alisema muda umekwisha, na soda zikagawiwa.

Mtu angetamani awepo mwongo mmoja katika habari hii, apatikane wa kumshika shati. Hayupo. Kila namba ilikuwa ya kweli, na zote kwa pamoja zilimzika Wilbard mara ya pili.

Ripoti ilipelekwa kama ilivyokuwa. Baada ya wiki mbili Jenoveva aliambiwa kwamba zahanati inahitaji mtu anayeshirikiana vizuri na wageni. Alikabidhi begi la dawa na mizani ya watoto. Daftari hakukabidhi.

Januari Rodrick alimpigia simu, akaomba apigiwe picha kurasa zote.

"Panda uje usome hapa," Jenoveva alimjibu.

Alikuja. Alikaa siku mbili kibarazani akinakili kwa mkono, kisha akashuka. Ripoti haijabadilishwa neno.

Jenoveva anaishi Mamba, katika nyumba aliyofia Wilbard. Daftari sasa lina majina arobaini na moja.