Nilipolitafsiri Neno Jumper

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia. Mtaani kwetu Mikindani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne, na kila karatasi ya Kiingereza ililetwa kwangu. Nilivimba kichwa, nisikufiche.

Jirani yetu Bi Hadija akaniletea orodha ya mahitaji ya binti yake, Somoe, aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni Njombe. Nikasoma vizuri mpaka nikafika palipoandikwa "jumper mbili". Neno lile sikulijua. Lakini "jump" nilijua ni kuruka, na mama wa watu ananitazama.

"Ni raba za michezo ya kuruka," nikasema, bila hata kukohoa.

Akanunua raba jozi mbili. Somoe akaenda kwenye baridi ile ya Njombe na vigauni vya pwani.

Baada ya wiki chache Bi Hadija, ambaye hakujua kusoma, akaja na barua ya mtoto. "Nisomee, baba."

Somoe alikuwa amelazwa, ana kichomi. Chini aliandika: "Mama, jumper ni sweta. Wenzangu wote wanayo."

Mwanangu, ningeweza kuuruka mstari ule. Nikausoma wote, ulimi mzito, kisha nikasema, "Kosa ni langu, mama. Sikulijua neno, nikalibuni."

Hakunitukana. Alijitanda khanga, tukaenda kununua masweta dukani kwa Bi Shirini, Mhindi mzee aliyeuza nguo. Huyo, aliposikia kisa chetu, ndiye aliyenisema.

"Jumper halina kuruka ndani yake, kijana. Zamani lilikuwa jina la koti fupi, na wengi husema asili yake ni juba, hilihili la masheikh wetu, likapita kwa Wafaransa likafika kwa Waingereza. Kutolijua si aibu. Aibu ni kwamba duka langu liko hapa hapa mtaani, na hukuja kuuliza."

Nikapanda basi mwenyewe, masweta mawili mapajani. Nilimkuta Somoe kitandani, amekonda. Akavaa moja palepale, na nilipomwomba radhi akanicheka mpaka akakohoa. Alipona, alhamdulillahi.

Basi, mwanangu, watu watakapokuletea karatasi zao kwa kuwa umesoma kuliko wao, usione haya kusema, "Hili silijui, ngoja nikaulize." Anayekuamini atayafuata maneno yako kama yalivyo. Na ukikosea, kiri mwenyewe, mapema, mbele ya uliyemkosea.

Mungu akupe elimu yenye manufaa, aulainishe ulimi wako kwenye kweli, na wanaokutegemea wasijute kukujua.