Yai Lililozikwa Shuleni

Binti yetu alipoanza chekechea, chakula chake kilikuwa kinarudi nyumbani kama kilivyoondoka. Mwalimu alituambia kwamba wenzake wakila, yeye hufungua kontena, huchungulia, hufunga, kisha hukimbilia bembea. Mke wangu ni muuguzi, na siku hizo alikuwa akiingia kazini alfajiri, kwa hiyo kufunga chakula cha mtoto kulibaki kuwa kazi yangu. Mimi ni fundi wa simu na redio. Hakuna aliyewahi kusifu mapishi yangu, ila mikono yangu imezoea vitu vidogo.

Basi asubuhi moja ya baridi, ile baridi yetu ya Eldoret inayokufanya ushike sufuria ya chai kama ndugu, nilichemsha yai na kulimenya. Nikalichomekea karafuu mbili kuwa macho na kipande cha karoti kuwa pua. Nikalivisha nusu ya nyanya kama kofia, nikalilaza juu ya wali, kisha nikalifunika chapati mpaka shingoni. Nilicheka peke yangu pale jikoni. Sikumwambia binti yangu neno.

Nilipoenda kumchukua shuleni, kule mtaa wetu wa West Indies, mwalimu wake alikuwa akiningoja langoni.

"Baba, leo umetuletea msiba."

"Nani ameumia?" nikauliza.

"Yai," akasema, na nikaona anavyouma midomo asicheke.

Kumbe saa ya chakula binti yangu alipofungua kontena alipiga kelele za furaha, darasa zima likamzunguka. Hakuna aliyekumbuka kula. Walimwimbia yule mgeni, wakambembeleza, na kila mmoja akataka kumbeba. Katika kupokezana, yai likateleza, likaanguka sakafuni na kupasuka katikati. Vilio! Mwalimu alisema hajawahi kuona watoto wakikubaliana kitu namna ile. Hakukuwa na njia ya kuwanyamazisha ila mazishi. Wakachimba shimo nyuma ya jiko la shule. Mtoto mmoja akaomba. Mwingine akashika kijiti kama maikrofoni, akaomba waombolezaji wasogee mbele, kisha akatangaza kwamba wageni wote wangepata chakula baadaye.

"Na binti yako, kwa kuwa ndiye mfiwa, alipewa nafasi aseme machache," mwalimu aliendelea.

"Akasema nini?"

"Kwamba marehemu alikuwa mpole, na alipenda wali."

Nilicheka mpaka nikaegemea lango. Binti yangu hakucheka. Tulitembea, mkono wake ndani ya wangu, kisha akasema, "Baba, usiweke tena macho."

"Kwa nini?"

"Chakula ikiniangalia, naionea huruma. Siwezi kula."

Mke wangu alipoisikia hadithi hiyo mezani, aliweka kijiko chini na kufuta machozi ya kicheko. "Majirani wamejua? Ama nianze kupikia waombolezaji chai?" Kisha akanishauri nitafute kitu ambacho mtoto anakiona kila siku na hana sababu ya kukilia.

Nikatengeneza lori. Kichwa chake kilikuwa kiazi kilichochemshwa, trela yake mkate, magurudumu karoti, na mzigo wake mahindi yaliyochemshwa, kama malori yanayopita hapa kwetu yakielekea mjini. Jioni kontena ilikuwa nyepesi.

"Umekula?"

"Nimeshusha mahindi yote."

"Na lori?"

"Iliharibika kwa mteremko. Nikaimaliza."

Nilijiona bingwa kwa muda mfupi tu. Wiki iliyofuata mama mmoja Msomali, mwenye duka la vitambaa mjini, alinisimamisha langoni. Mtoto wake hukaa dawati moja na binti yangu.

"Wewe Baba, umeniletea taabu! Kijana yangu amekataa sambusa. Anasema haina magurudumu."

"Pole sana, Mama."

"Pole itakata karoti?"

Nikamweleza jinsi ya kukata karoti na kuzishikisha. Alinisikiliza kwa makini, akaenda zake. Kesho yake mtoto wake akaja na ngamia: sambusa kubwa ndiyo nundu, ndizi iliyopinda ndiyo shingo, na miguu minne ya viazi vya kukaanga. Binti yangu alinipa habari hizo kwa upole, kama daktari.

"Lori yako ni sawa, Baba. Lakini si ngamia."

Muhula ulipofungwa nilidhani nitapumzika. Asubuhi ya kwanza ya likizo binti yangu alivaa sweta ya shule juu ya nguo ya kulalia, akaketi kwenye ngazi za veranda na kontena mapajani. Mama yake, ambaye hakuwa kazini siku hiyo, ndiye aliyeifunga.

"Si ufungue?" nikamwambia.

"Kengele bado."

Mke wangu akachukua mwiko, akagonga sufuria. Mtoto akafungua. Ndani mlikuwa na nyumba ya mandazi, mlango wake wa parachichi. Aliizungusha kontena, akaikagua nyumba pande zote, akaanza na paa.