Nilimwambia Daktari Mama Yangu Alishafariki

Kosa ni langu, silisukumi kwa mtu. Mama yangu yu hai, anakamua ng'ombe wake kila asubuhi kule Mogitu, na mimi nilimuua kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha hospitali, nimevaa gauni langu la kazini, hakuna aliyenitisha. Niliulizwa swali la kawaida, nikajibu, "Mama alishafariki." Daktari akaniambia pole sana. Nikaipokea ile pole, nikasema asante.

Naandika bila jina kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Ukiniona mtaani hapa Mbulu utajua ni mimi kabla sijamaliza kukusalimia. Ndiyo maana nakuomba unisikilize tu, usinitafute.

Mimi ni Mbarbaig. Wanaotujua wanajua kwamba mama zetu wengi wana chale kuzunguka macho, vialama vidogo vidogo vilivyopangwa duara. Mimi nilichanjwa na bibi mzaa mama nikiwa mtoto. Pale kwetu ukishachanjwa, watu wanasubiri waone ngozi itasema nini. Kuna ngozi inayopona ikalala bapa, hiyo haina sifa. Na kuna ngozi inayoinuka, kila alama ikasimama kama punje ya mtama. Bibi aliiita ngozi inayoitika. Ukiiita, inaitika. Ya mama iliitika kuliko za wanawake wote wa jirani, na yangu ikafuata ya mama. Bibi alinipeleka nyumba kwa nyumba akinionyesha.

Basi nikasoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa sekondari huku Mbulu, juu kwenye baridi. Wanafunzi hawakuchelewa, muda si muda nikawa na jina: Madam Miwani. Kwa sababu ya yale maduara mawili usoni. "Shikamoo Madam Miwani," tena kwa adabu, mikono nyuma. Wapo walioniita Mang'ati, jina la Kimasai lenye maana ya adui, watu wazima hao, sokoni au stendi, na hilo liliniuma zaidi kwa sababu halina utani ndani yake. Miwani nililizoea, au nilijidanganya kwamba nimelizoea.

Kilichoniharibu ni picha. Siku ya mahafali mpiga picha wa mjini alitupiga walimu wote, na kabla ya kutupa picha akazipitisha kwenye simu yake akatulainisha nyuso. Mwalimu wa hesabu akamfuta chunusi, mkuu wa shule akamfuta mvi, na mimi akanifuta chale zote. Hakuniuliza. Alidhani ananifanyia hisani. Kwenye grupu la walimu watu wakaandika "Madam umependeza jamani," mmoja baada ya mwingine, hata Madam Paskalina, rafiki yangu tuliyepanga naye nyumba moja, ambaye hajawahi kuniambia nimependeza tangu tujuane. Nikaihifadhi. Nikaitazama asubuhi, nikaitazama wakati wa chai. Nikaanza kumwonea wivu yule mwanamke, na yule mwanamke ni mimi.

Nikasikia kuna hospitali moja kubwa, mbali na mkoa wetu, ambako madaktari wa upasuaji wa kurekebisha sura wanafanya utafiti kuhusu makovu. Nikamdanganya mkuu wa shule kwamba naenda kwenye harusi ya ndugu, nikapanda basi. Ona, uongo ulianza mapema.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, mpole. Alipapasa chale moja moja, akanieleza bila haraka. Ngozi za watu weusi kama sisi, alisema, nyingine zikikatwa haziachi kuota. Jeraha linapona lakini kovu linaendelea kukua, linavuka mpaka wake. Keloidi. Ndicho walichokuwa wakikitafiti, wajue mapema ni nani litamwota na nani halitamwota. Akasema mara nyingi jambo hilo linakwenda kwa ukoo.

"Kwa hiyo mwalimu, mtu ambaye kwao wana ngozi hiyo, sisi hatuna haraka ya kumkata. Tunaanza na sindano ndogo mahali pamoja, tunasubiri, tunaona. Wakati mwingine tunamshauri aache kabisa."

Hilo neno aache lilinishtua. Nilikuwa nimeshaiona sura yangu mpya.

"Chale zako zimeinuka sana," akasema. "Kwenu kuna mwingine ambaye kovu lake huvimba?"

Hapo ndipo, wewe unayenisoma. Nilimkumbuka bibi akinipeleka nyumba kwa nyumba. Kile kilichokuwa sifa kwetu, mbele ya yule daktari kilikuwa kizuizi. Nikasema, "Hakuna. Hizi zimeinuka kwa sababu walinipaka majivu."

"Na mama yako je? Naye ana chale? Ningependa kumwona, au hata picha yake tu."

Picha ya mama ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye mkoba niliopakata. Nikasema alishafariki.

Wakanikata. Sitawasema vibaya, kazi waliifanya vizuri. Nyuzi zilipotolewa ilibaki mistari myembamba tu, na kwa muda mfupi nikawa yule wa kwenye picha. Nilitembea soko zima la Mbulu bila mtandio. Wanafunzi walinisalimia "Shikamoo madam," wakaishia hapo. Miwani hakuwepo tena. Nilitegemea kufurahi, na kweli nilifurahi, ila jioni nilijikuta nasikiliza kama kuna atakayelitaja jina lile.

Kisha ikaanza kuwasha. Kwanza pembeni mwa jicho la kulia, kuelekea sikioni. Nikadhani ni baridi. Halafu ngozi ikaanza kuinuka. Bibi alisema kweli, ngozi yetu ukiiita inaitika, na mimi nilikuwa nimeiita kwa kisu! Safari hii hazikuwa punje zilizopangwa. Yalikuwa mafundo yanayong'aa, mengine yameungana mpaka shavuni. Hospitali wakaanza kunichoma sindano za kuyapunguza, narudi kila ninapoitwa.

Darasani watoto waliacha kunitazama usoni. Wanatazama ubao hata nikiwa nimesimama upande wa pili. Madam Paskalina akahama, akapanga karibu na kanisa, akasema ni kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Huenda ni kweli. Nikabaki na nyumba nzima. Nikawa napika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja mimi sijui kuupima, kila siku unabaki.

Likizo ilipofika nikashuka Hanang. Katesh nikachukua bodaboda mpaka nyumbani Mogitu, mtandio nimeufunga ukabakiza macho tu. Mama siku hizi macho yake yana ukungu, anaona kivuli cha mtu basi. Tangu yaanze kufifia ana desturi yake: ukimwamkia anakushika kwanza uso, anazungusha vidole kwenye chale, ndipo anakuitikia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia nimepata ajali ya pikipiki.

Nikafungua mtandio, nikamwamkia. Vidole vikaja. Vikazunguka, vikasimama, vikarudi vilikotoka. Nikasubiri alie. Mama akacheka kidogo, akasema kwa Kibarbaig, "Bado inaitika ngozi yetu." Akapapasa tena, kicheko kikaisha. "Lakini aliyekuchanja hajui kazi. Ni nani huyo?"

Ile pikipiki ikanishinda. Nikasema ni daktari.

Nilimweleza nusu. Kwamba nilitaka kuziondoa, kwamba zimeota, kwamba naendelea na sindano. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Huyo daktari aliijua ngozi ya kwetu?"

"Hakuijua, mama."

"Basi hakuwa na mtu wa kumwambia. Nitakwenda na wewe. Anishike usoni, ajue."

Kwake neno lilikuwa limekwisha. Mtoto anaumwa, mama anaandamana naye.

Asubuhi ya safari nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Amevaa shuka jipya na bangili zake zote za shaba, na pembeni ameweka kibuyu cha maziwa ya kumpelekea daktari. Alikuwa amejipaka mafuta usoni ili chale zionekane vizuri.

"Mama, safari ni ndefu," nikamwambia, "na macho yako hayaoni."

"Macho ya nini? Nakwenda kusema, siendi kuangalia."

Nikamwambia hospitali hawapokei wazee. Nikamwambia basi limejaa. Mimi, ninayewaadhibu watoto wa watu kwa kudanganya! Nilikuwa nikifikiria kitu kimoja tu, kwamba kule tuendako huyu mama ameshakufa. Mwisho nikapanda bodaboda nikaondoka. Aliniita mara moja, sikugeuka. Nikifumba macho leo, namwona bado amekaa pale na kibuyu chake.

Hospitali nilishindwa kukaa kwenye kile kiti. Daktari alikuwa anavuta dawa kwenye sindano huku akisema haelewi, kwamba kwa majibu niliyompa haikutakiwa kuwa hivi, labda yeye ndiye alikosea mahali. Alikuwa anajilaumu, binti wa watu. Nikamwambia ukweli. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya mama.

Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole. "Ungeniambia tu, mwalimu," akasema. "Nisingekukata." Akanirudishia simu. Kisha akaniambia nimlete mama kama atakubali, kwa ajili yangu na kwa ajili ya wengine kama mimi watakaokuja.

Nilirudi Mogitu moja kwa moja, hata Mbulu sikupitia. Safari hii nikasema yote, na lile neno nikalisema. Mama alikuwa anasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto. Mkono wake haukusimama. Alisafisha mpaka mwisho, akakitikisa, akakinusa. Ndipo akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia habari za malisho, "Sasa mimi maiti nitapandaje basi?"

Nilipiga magoti, nikalia. Akaninyanyua, akanipa maziwa, akaniuliza kama huko juu mvua imenyesha. Hakunifukuza wala hakunilaani, na ningeona afadhali kama angenilaani. Ila tangu siku ile hanishiki uso. Nikimwamkia ananipa mkono na kuitikia hapohapo, kama anavyowaitikia wageni wanaopita kuuliza njia.

Hicho ndicho nilichopoteza. Makovu yanapungua, polepole, daktari ana imani. Mama hajapanda basi mpaka leo. Juzi nikiwa dirishani nilimsikia mwanafunzi mgeni akimwuliza mwenzake, "Hivi madam yule mnamwitaje?" Mwenzake akajibu, "Yule hana jina." Niliingia ofisini nikafunga mlango, nikalilia jina la Miwani.

Wewe unayepanga kwenda, sikukatazi. Kule nimewaona walioungua moto wakirudishiwa shingo zao, nimeona watoto wenye mdomo sungura wakitoka wanacheka. Uso ni wako. Lakini ukikaa kwenye kile kiti ukaulizwa habari za kwenu, usione haya, sema kila kitu, hata kile unachodhani kitakunyima unachokitaka. Hicho ndicho wanachokihitaji. Na usimzike mtu aliye hai ili upendeze. Mpiga picha alinifuta bila kuniuliza. Daktari aliniuliza, nami nikamfuta mama.

Likizo ijayo nitashuka tena. Nitamwamkia, nitamsogezea uso, nitasubiri. Nawe daktari, kama unasoma hapa, swali lako nalijibu upya mbele za watu. Ndiyo, kwetu yuko mtu ambaye kovu lake huvimba. Ni mama yangu. Anaishi Mogitu, na yu hai.